Radi ya Mihayo Mbele ya Jaji

Mihayo wa Mkolani alikuwa na mdomo mkubwa kuliko shamba. Shamba lenyewe lilikuwa kipande cha pamba na mihogo nyuma ya mawe, mbuzi akisimama katikati anaona mipaka yote bila kugeuza shingo. Lakini mdomo wake ulijulikana kuanzia Nyegezi mpaka Usagara, kwa sababu Mihayo alikuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma, mtunga nyimbo, na mtukanaji wa watu kwa ruhusa ya mila.

Asiyejua ngoma za Wasukuma aelezwe. Pamba ikishavunwa, vumbi la Juni likianza kupanda, ngoma mbili zinaitwa uwanja mmoja siku moja. Huku Wagika, kule Wagalu. Ni pande mbili za tangu mababu, na mtu akishaingia upande wake hatoki mpaka afukiwe. Hakuna mwamuzi wala alama. Zinapigwa zote kwa pamoja, na watu wanaamua kwa miguu. Ukiona duara lako linanenepa, umeshinda. Ukiona watu wanahamia kwa mwenzako, umeshindwa, na mwaka mzima utaimbwa mpaka kwenye misiba. Kwa hiyo manju anafanya chochote kile. Mmoja anajivika chatu shingoni, mwingine anatafuna makaa ya moto, mwingine anapanda juu ya nguzo na kucheza kichwa chini. Dawa ya mvuto nayo haikosi, ila hiyo haitangazwi.

Mihayo alikuwa Mgika. Mgalu aliyemkosesha usingizi aliitwa Ng'washi, wa kule Nyegezi, mfupi, mpole, mwenye tabasamu la mtu anayejua utakufa lini.

Zamani walikuwa wanagawana ushindi kama ndugu wanavyogawana nyama, kwa kuibiana. Halafu ikaja ile miaka ya tisini, kila kitu ruksa. Mitumba ikajaa, viwanda vya minofu vikachukua sangara wote wakatuachia mapanki, vichwa na mifupa mitupu, na vijana wakaanza kujazana kwenye vibanda vya video kuangalia Wachina wakipigana mateke na Wamarekani wakipigana risasi. Ng'washi aliona mbali. Akauza fahali, akanunua jenereta na spika mbili kubwa kama makabati. Mihayo akiimba kwa koo lake alilopewa na Mungu, Ng'washi anaimba kwa koo la Mjapani. Watu walihama. Msimu wa kwanza walihama nusu, msimu wa pili wakabaki wakwe zake na mlevi mmoja aliyekuwa amelala.

Mtu akiachwa na mke, anaondoka mmoja. Mihayo aliachwa na mamia, na kila mmoja alimwonyesha mgongo wake.

Ndipo siku moja akapita karibu na kibanda cha video wakati watoto wanatoka. Wote walikuwa wanapigana risasi za mdomo, pa-pa-pa, wanaangukiana barabarani. Mihayo akasimama pale, akafikiri. Jioni ile ile alikuwa kwa mhunzi.

Mhunzi alimtengenezea gobole. Mtutu ulikuwa bomba la maji lililong'olewa kwenye ginneri ya pamba iliyokufa, kitako cha mninga, na baruti ilitoka kwa wapasua mawe. Mhunzi alikuwa mtu mkweli, akamwambia: "Hii tia baruti na matambara tu, bhabha. Ukitia chuma itakupasukia usoni, na wewe mdomo ndio mtaji."

Saba Saba ilipofika, Ng'washi alifungulia spika zake na watu wakamiminika kwake kama nzi. Mihayo akawaacha wajae. Kisha akatoka katikati ya uwanja na ngozi ya chui ya mitumba mabegani, akainua gobole juu, akapiga.

Bwana we! Uwanja mzima ulilala chini. Wazee waliokuja na mikongojo waliitupa, mama mmoja aliruka juu ya sufuria lake la togwa, na mtoto wa mtendaji alijikojolea mbele ya baba yake. Moshi ulipopungua, watu wakainuka mmoja mmoja, wakajipapasa kuona kama ni wazima, wakacheka, halafu wakakimbia. Walikimbilia kwa Mihayo! Kila mtu alitaka kuwa karibu na kile kilichomtisha. Spika za Ng'washi zilibaki zinaimbia nyasi.

Siku ile Mihayo alikuwa na duara ambalo Mkolani haijaliona tena. Alikuwa bado anaogelea humo wakati askari wawili walipopenya, mbele akiwa koplo mmoja anaitwa Abdillah. Nyuma yao, kwa mbali, Ng'washi alikuwa anajifuta jasho kwa upole.

"Mzee, hii ni bunduki?" koplo aliuliza.

Hapa ndipo mahali pa kusimama kidogo. Mtu mwingine yeyote, muuza nyanya, mwalimu, hata mwizi, angesema hapana afande, ni mchezo tu, ni bomba la maji, nusa mwenyewe. Koplo alikuwa tayari kusikia hivyo, maana jua lilikuwa kali na kituo kilikuwa mbali. Lakini aliyeulizwa alikuwa manju, ameulizwa mbele ya duara lililojaa, na duara lilikuwa limenyamaza linasikiliza. Manju hajibu polisi. Manju anajibu watu.

"Ndiyo bunduki!" Mihayo alinguruma. "Imeua viboko watatu na mamba mmoja mzee! Inaitwa Radi! Na kibali chake kiko mbinguni!"

Watu walipiga vigelegele mpaka wakakauka. Mihayo alipandishwa kwenye Land Rover akipunga mkono kama mgombea.

Kwenye mahakama ya wilaya hapakuwa na vigelegele. Siku hizo majambazi walikuwa wanapiga maduka ya wanunuzi wa dhahabu, na neno bunduki halikumchekesha mtu. Koplo Abdillah alisoma maneno ya mshtakiwa kama yalivyo, viboko watatu, mamba mmoja, kibali mbinguni. Mihayo alijaribu kusema viboko wale walikuwa wa kishairi. Hakimu akamuuliza kama na kifungo anataka cha kishairi. Akampa mvua mbili jela, kwa kumiliki silaha bila kibali.

Gerezani Butimba, kusema kweli, alianza vizuri. Habari zilimtangulia. Nyapara wa selo yao, mwizi wa ng'ombe mmoja anaitwa Chenge, alimpokea kwa heshima.

"Wewe ndiye wa viboko watatu?"

"Na mamba," Mihayo alisema.

Wakampa nafasi ya kulala karibu na dirisha, mbali na ndoo. Aliyelala karibu na ndoo anajua usiku kucha nani kala nini. Wakamwita Mzee Radi. Wezi wa kuku walimwamkia shikamoo. Mihayo akalala kwenye upepo wake, akahesabu misimu: huu unakwenda, ujao unakwenda, akitoka duara limeshamsahau. Hilo ndilo lililomtafuna. Chawa aliwavumilia, ugali wa dona wenye wadudu aliuvumilia, lakini Juni kufika bila yeye hakuivumilia. Manju akikosa msimu mmoja ni mgonjwa, akikosa miwili ni marehemu.

Mkewe Dorotea hakuwa na habari ya duara. Yeye alikuwa na pamba inayooza shambani na watoto wanaokula. Akapeleka ng'ombe mmoja sokoni, akamtafuta wakili, akamleta mpaka Butimba. Alikuwa Mhaya mmoja kutoka Bukoba, Revocatus, suti ya kijivu, sauti ya kusikika mpaka Bukoba hiyo hiyo.

"Mzee Mihayo, nimesoma jalada," wakili alisema. "Rufani yetu ina mguu mmoja tu. Tutasema kosa hili ni dogo. Dogo kabisa, la kipuuzi. Bunduki ya kipuuzi, ngoma ya kipuuzi, na uniwie radhi, mtu wa kipuuzi."

"Mtu wa kipuuzi nani?"

"Wewe."

Mihayo akamwangalia mkewe. Dorotea akaangalia ukuta.

"Hiyo ya mwisho haitoki?"

"Ukiitoa, rufani inachechemea."

"Na viboko?"

"Viboko gani, mzee wangu? Hujaua hata panya. Lile ni bomba la maji lenye moshi. Jaji akiamini hivyo, unatoka kabla ya Juni. Asipoamini, na ukaanza tena habari za mamba, anaweza hata kuongeza. Chagua."

"Anachagua kutoka," Dorotea alisema.

"Na akikuuliza wewe mwenyewe," wakili akaendelea, kwa sauti ile ile, "unasema: mheshimiwa, ni chombo cha ngoma tu, kama njuga. Hebu sema."

"Ni chombo cha ngoma."

"Tu. Kama njuga."

"Tu," Mihayo akasema. "Kama njuga."

Nyapara Chenge alikuwa anafagia kando yao. Alifagia pale pale mpaka saruji ikang'aa.

Jioni ile Mihayo aliporudi selo alikuta mwizi wa kuku amelala dirishani, miguu ameinyoosha.

"Hapo pangu," Mihayo alisema.

"Pako ni kule," Chenge akamwonyesha ndoo. "Sisi hapa tuna makosa yetu ya maana. Mimi ng'ombe kumi na tisa. Huyu kuku, lakini aliwaiba kweli na akawala. Wewe una njuga. Nenda ukalale na njuga zako."

Selo nzima ilicheka, na haikuacha kucheka mpaka siku ya rufani yake. Kila aliyeamka usiku kwenda kwenye ndoo alimwomba radhi: "Samahani, Mzee Njuga." Kisha anamrushia matone.

Mwezi wa tano rufani ikaitwa Mahakama Kuu. Jaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, na kwenye benchi za nyuma, suruali imepigwa pasi, alikaa Ng'washi. Alikuwa amekuja na Wagalu wenzake, nao wote wamevaa vizuri kama wamekuja kubariki ndoa.

Wakili Revocatus alisimama, na ng'ombe wa Dorotea alionekana thamani yake. Alisema mrufani ni mkulima mjinga asiye na madhara. Alisema ngoma yake ilishakimbiwa na watu, akabaki na wakwe zake na mlevi. Alisema mtu aliyeachwa namna hiyo hufanya vituko, kama mtoto anayepiga sahani akikosa kuangaliwa. Alinyanyua gobole kwa vidole viwili, kama anavyonyanyuliwa panya kwa mkia.

"Mheshimiwa Jaji, hili ni bomba la maji. Mtaalamu wa Serikali mwenyewe amekiri kwamba likitiwa risasi linapasuka. Silaha gani hii inayomtishia mwenye nayo peke yake? Sheria ilitungwa kwa ajili ya majambazi. Haikutungwa kwa ajili ya kelele."

Hata wakili wa Serikali alijiuma midomo asicheke. Benchi za nyuma hazikujiuma.

Jaji akavua miwani. "Mihayo, simama. Nataka nisikie kwako. Hiki kitu ni silaha?"

Mihayo alisimama kizimbani, amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Mbele yake jaji. Nyuma yake, alihisi shingoni, watu. Wamejaa, wananyamaza, wanasikiliza. Lilikuwa duara. Mdomo wake ulifunguka wenyewe, kama unavyofunguka siku zote, na neno la kwanza la mamba lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Dorotea akakohoa.

"Ni chombo cha ngoma, mheshimiwa," Mihayo alisema.

"Sema kwa sauti."

"Chombo cha ngoma. Tu. Kama njuga."

Jaji akaandika. Akasema hukumu ya chini ilitazama neno bunduki bila kutazama kitu chenyewe, kwamba kosa, kama lipo, ni dogo mno kubeba kifungo, na kwamba mrufani ameshakaa ndani ya kutosha kwa majivuno yake. Aachiwe huru. Na kifaa hicho, kwa kuwa si tishio kwa mtu yeyote, arudishiwe mwenyewe.

Dorotea alilia kwa furaha. Wakili akapeana mikono na kila mtu. Ng'washi naye alikuja, akainama kidogo, akamshika Mihayo mkono kwa mikono miwili.

"Hongera sana, ndugu yangu," alisema. "Umeshinda. Nimesikia kila neno."

Akatoka akitembea taratibu, midomo inachezacheza. Mihayo anajua midomo inayochezacheza namna hiyo. Mtu anatunga wimbo.

Mihayo hakulima hata tuta moja mwezi ule. Alishona njuga mpya, akatafuta baruti, akapaka Radi mafuta ya samaki mpaka ikang'aa. "Watakuja," alimwambia Dorotea. "Kufungwa kumenipandisha. Manju aliyefungwa kwa bunduki, nani asitake kumwona?"

"Lima," Dorotea alimwambia.

Na Saba Saba walikuja kweli. Uwanja ulifurika, na mwanzoni duara la Mihayo ndilo lililokuwa nene. Akaimba wimbo wa Butimba, mzuri sana, wa kuta na chawa na jina la kiume lisilofungwa pingu. Watu waliitikia. Mama mmoja alimtupia khanga.

Ng'washi akawasha jenereta. Hakuwa na haraka. Akapuliza kipaza sauti, fuu, fuu, akaimba polepole, bila ngoma, kwa Kisukuma kitamu ambacho kwa Kiswahili kinapungua utamu:

*Serikali imeipima radi ya Mihayo,*
*imeipima Mwanza mjini kwa miwani,*
*imekuta si radi, si mvua, si wingu,*
*ni mbuzi amejamba nyuma ya mawe.*

Kicheko kilianzia kwa Wagalu kikavuka uwanja kama moto wa nyasi. Wagika walijaribu kukaza nyuso. Mkwe wa Mihayo, mzee wa watu wa heshima zake, aliziba mdomo kwa kofia, mabega yakawa yanaruka.

*Mwulizeni mwenyewe, aliulizwa na mama:*
*hiki ni nini, baba? Akasema: njuga.*
*Sema kwa sauti, baba! Akasema: njuga.*

Na sasa spika zikarudia, na ng'ambo yote ikaitikia: njuga! Mihayo aliona miguu ya mbele inaanza kugeuka. Alimjua kila mwenye mguu. Hakungoja zaidi. Akaikamata Radi, akatoka katikati, akaiinua juu kama mwaka ule, akapiga.

Ilipiga vizuri. Baruti aliishindilia mara mbili, moshi ulikuwa mweusi, mlio ulikwenda ukagonga mawe ukarudi.

Hakulala mtu.

Mama wa togwa aliendelea kupima togwa. Wazee waliegemea mikongojo yao. Mtoto wa mtendaji, yule yule, sasa amekua kidogo, aliangalia moshi unavyopanda, akasema kwa sauti nyembamba ambayo uwanja wote uliisikia: "Mbuzi!"

Hapo ndipo walipohama. Walihama wakicheka, wakishikana mabega, wengine wakigeuka kumpungia mkono. Mihayo alibaki na njuga zake mpya miguuni. Kila akitaka kutembea, zilimwimbia.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda polisi. Alipita barabara kuu mchana kweupe, ngozi ya chui mabegani, gobole begani juu ya ngozi. Alipishana na watu wa kila aina, na hakuna aliyeuliza. Muuza mapanki mmoja alimwambia asogee, anamzibia wateja.

Kituoni, koplo Abdillah alikuwa amekaa nje anamenya karanga.

"Afande, nimekuja na bunduki."

"Karibu, ngosha. Karanga?"

"Haina kibali. Nimeipiga mbele ya watu. Nikamate."

Koplo akamwangalia, akaendelea kumenya. "Nikukamate kwa nini? Kesi yako niliisimamia mimi. Nimesafiri nayo mpaka Mahakama Kuu, nimechekwa mimi. Kitu kimepimwa, kimerudishwa. Si silaha."

"Ni silaha! Imeua viboko watatu!"

"Oyaa!" koplo aliita ndani. "Njooni msikilize, yule mzee wa njuga amekuja!"

Wakatoka askari watatu na mahabusu mmoja aliyekuwa anapiga deki. Mihayo akawaeleza viboko, akawaeleza mamba, mmoja mmoja, kila mmoja na mahali alipofia, na kadiri alivyoeleza ndivyo machozi ya kicheko yalivyowatoka. Mahabusu alikaa chini juu ya tambara lake. Ndilo duara zuri alilopata msimu ule.

"Afande, nakuomba," Mihayo alisema mwishowe, na safari hii sauti haikuwa ya manju. "Niweke ndani hata siku mbili. Watu waone nimekamatwa."

"Siwezi, mzee wangu. Kosa gani nitaandika?" Koplo alifuta macho. "Lakini kama umepiga kelele bila kibali cha ngoma, hiyo ipo. Ila siyo kwetu. Nenda kwa mtendaji wa kata, atakusikiliza Jumatatu."

Akamweka sawa gobole lake begani, akamtia karanga mkononi.

Dorotea alikuwa anapepeta mtama alipomwona anaingia uani.

"Nilisikia umekwenda polisi. Wamekukamata?"

"Wamekataa."

Dorotea alikung'uta mikono, akaichukua Radi kutoka begani kwake, akaipima uzito, akaigeuza mtutu chini. Akatwaa jiwe na kuipigilia ardhini nyuma ya nyumba, mpaka kitako cha mninga kikabaki kimesimama peke yake kama kisiki. Kisha akaenda kumleta mbuzi jike, akamfunga hapo.

"Kile kigingi cha zamani kililiwa na mchwa," alisema. "Hiki kitakaa."

Mihayo alisimama anamtazama mbuzi. Mbuzi alizunguka kile kisiki, akavuta kamba, kamba ikashika. Ng'ambo ya mawe spika zilikuwa bado zinaimba.

"Na hizo njuga zivue," Dorotea alisema. "Zinamsumbua."